Mkwe Mwenye Beleshi

Kwetu mtu hazikwi bila picha. Jeneza likishawekwa chini ya turubai, mpiga picha wa mjini, mara nyingi yule yule aliyeipiga arusi ya marehemu, huanza kuwaita watu kwa makundi: watoto wa marehemu, wajukuu, ndugu wa upande wa mama, waliosoma naye, wakwe. Wakwe husimama kando kidogo kwa heshima, wasije wakagusana mabega na mama mkwe wao. Kila nyumba ninayoijua kuanzia Bukura mpaka Malava ina picha za namna hiyo, watu wamekunja uso kwa jua na jeneza liko katikati. Mgeni akija, wakati chai inachemka hupewa albamu, naye huipitia ukurasa kwa ukurasa, arusi, ubatizo, matanga, akiuliza huyu ni nani na yule ni nani. Nimekulia humo. Sikuona ajabu yoyote mpaka nilipofika mahali ambapo watu walikuwa wakizikwa bila mtu hata mmoja wa kusimama kando.

Mwaka wa tisini na nne nilikuwa muuguzi mwenye miaka kumi na minne kazini, na watoto wangu wote wawili walikuwa shule za bweni. Jumapili moja kanisani likasomwa tangazo kwamba wauguzi wa kujitolea wanatakiwa katika nchi jirani iliyokuwa vitani. Nchi yenyewe sitaitaja. Waliokuwa watu wazima miaka ile wanaijua. Nikanyoosha mkono. Watu wakasema nina moyo wa huruma, nikawaacha waseme. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka na wodi, nimechoka na foleni, na zaidi ya yote nimechoka na mama mkwe wangu, ambaye alihamia kwetu baada ya kufiwa na mzee wake na ambaye katika miaka mitatu hakuwahi kuona mboga yangu yenye chumvi ya kutosha. Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole kupita kiasi, aliniuliza tu nitarudi lini. Nikamwambia nitarudi nikichoka na huko pia.

Wauguzi wenzangu walinipa zawadi ya kuagana, kamera ndogo ya plastiki iliyokuwa na saa ndani yake. Ilikuwa ikiandika tarehe kwenye pembe ya kila picha kwa rangi ya machungwa. Wiki ya kwanza kambini ikaniponyoka na kuangukia ndoo ya maji ya klorini. Ilipona, lakini tangu siku hiyo iliandika kwamba tuko mwaka wa themanini na saba, na sikuweza kuitoa huko hata kwa kuibembeleza.

Kambi ilikuwa ya hema za bluu kwenye mlima wa mawe. Kipindupindu kilitutangulia kufika. Wengine walikufa mikononi mwa watu wao, na kwa hao nilimshukuru Mungu hata kama ni shukrani ya ajabu. Wengine waliletwa peke yao, wamebebwa juu ya mlango uliong'olewa mahali, hawana hata pumzi ya kutaja walikotoka. Siku ya kwanza nilipofuatana na mmoja wa hao mpaka makaburini, vijana wa kuchimba walimshusha ndani ya mkeka wake, wakarudishia udongo, wakaondoka wakizungumza habari za mpira. Yote hayakufika dakika kumi.

Nilikasirika, na nikikasirika mimi huwa sinyamazi. Mwili wa pili ulipoletwa niliwaambia wachimbaji wangoje. Nikamwita mpishi wetu, nikamwita mama mmoja aliyekuwa akipita na mtungi wa maji, nikawaita madereva wawili wa malori yaliyoleta mahindi, waliokuwa wamelala chini ya gari lao. "Wewe simama hapa, wewe ni mtoto wake. Mama, wewe ni dada yake. Wewe wa lori, shika beleshi ukae kando kidogo, wewe ni mkwe." Walinitazama kama mtu aliyepandwa na malaria kichwani. Lakini nilikuwa na gauni jeupe, na watu humtii mwenye gauni jeupe. Wakasimama. Nikapiga.

Ikawa desturi yangu. Kila asiyekuwa na mtu nilimtafutia ukoo wa nusu saa. Nguo zao zilichomwa kwa sababu ya ugonjwa, lakini kabla hazijachomwa nilitoa kitu kimoja kidogo, kifungo, kitana, ufunguo, nikakiosha kwa klorini na kukitia katika zile bahasha ndogo za vidonge, zilizochapwa mahali pa kuandika mara ngapi kwa siku. Hapo niliandika namba ya picha. Nyuma ya picha, zikishaoshwa, niliandika chochote nilichokijua. Nilitaka akija mtu kuuliza, nisiwe wa kutikisa kichwa tu. Daktari mmoja mgeni aliniuliza kwa nini napoteza filamu kupiga picha udongo. Nikamwambia sipigi udongo, napiga watu.

Nilirudi nyumbani wiki ya Pasaka mwaka wa tisini na tano. Filamu ya mwisho ilikuwa bado na nafasi chache, nami sipendi kupoteza, kwa hiyo nilipofika langoni na kumwona mama mkwe anakuja mbio, mikono juu, leso imefunguka, akipiga vigelegele kwa ajili ya mimi yule yule wa mboga isiyo na chumvi, niliinua kamera nikamaliza filamu palepale. Kisha nikalia. Nilikuwa nimefika. Usiku huo mvua ilipiga mabati, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi sikuwa na hema la mtu la kulifikiria. Nililala mpaka saa nne asubuhi na hakuna aliyethubutu kuniamsha.

Nilipopeleka filamu zilizobaki kuoshwa mjini, studio ilinizawadia albamu mbili zinazofanana, zenye maporomoko ya maji kwenye jalada. Katika moja niliweka picha za nyumbani: arusi yetu, watoto, na ile ya langoni. Katika nyingine niliwapanga wale arobaini na mmoja wa mlimani. Bahasha za vidonge nilizitia katika mkebe wa maziwa ya unga niliorudi nao. Sikumwonyesha mtu. Nilikuwa sijui hasa nimewaleta hao watu Kakamega kufanya nini.

Mwezi wa saba akina mama wa kanisa walikuja kunifanyia maombi ya shukrani. Walikuwa kumi na wawili, nami nilikuwa jikoni nikipambana na jogoo ambaye umri wake mama mkwe alinificha. Mume wangu akaachiwa wageni. Mtu huyu anaweza kutambua mwandiko wa kila mtoto wa darasa la sita, lakini albamu mbili zenye jalada moja zilimshinda. Alichukua ya juu, akampa mwenyekiti wa akina mama kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akaenda kuleta soda.

Niliporudi na sinia nilisimama mlangoni. Albamu ilikuwa wazi mapajani mwa mwenyekiti, na kumi na mmoja wengine wamemwegemea.

"Sista," akasema polepole, "hii ni matanga ya nani?"

"Ya watu," nikajibu.

"Watu gani?"

"Siwajui."

Naomba radhi, lingekuwa jambo la busara kueleza. Lakini jogoo alikuwa amenichosha, na niliona wanavyoitazama albamu, vidole vimeinuliwa visiguse nailoni. Wakaomba haraka haraka, wakala kidogo, wakaondoka jua lingali juu. Mlango haujafungwa vizuri mama mkwe alikuwa tayari amefunga leso kiunoni.

"Wewe mtoto wa watu, unanilazanga na maiti arobaini kwa nyumba moja na hunipi habari? Hao wako na kwao. Wakikosa kwao watakaa kwetu. Hiyo kitu itoke, ama mimi naenda kwa binti yangu Bukura."

Nilishawishika kumfungia mizigo mwenyewe. Mume wangu alinitazama kwa macho ya kuomba. Kwa hiyo nilichukua albamu na mkebe nikavipeleka jiko la nje, juu ya uchaga wa kukaushia kuni, na huko vikakaa vikipigwa moshi. Habari nayo haikukaa. Kabla ya Jumapili iliyofuata soko zima lilijua kwamba sista fulani amerudi kutoka vitani na sanduku la wafu. Kazini mgonjwa mmoja alikataa nimdunge sindano.

Habari hiyo ndiyo iliyofika Malava, na kutoka Malava ikaingia ndani kwenye mashamba ya miwa, mpaka kwa mama mmoja aliyekuwa na sababu ya kuisikiliza kwa makini.

Alikuja Alhamisi mchana mwezi wa nane, nikiwa mapumzikoni. Alifuatana na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mwanamume mrefu mwenye kofia aliyoivua tangu langoni. Mama alivua viatu mlangoni ingawa nilimkataza. Alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayengoja kuitwa.

"Mulembe, Sista," akanisalimia kwa lugha ya kwetu. Shemeji yake ndiye aliyeeleza.

Mtoto wa mama huyu, mzaliwa wa kwanza, alikuwa dereva wa lori. Mwaka uliopita alitumwa kupeleka mahindi katika nchi ile ile niliyokuwa. Hakurudi. Kabla ya Krismasi madereva wenzake walipita wakasema lori lake lilichomwa njiani na yeye amekufa kwa ugonjwa wa kuhara, hawakuona kaburi lakini waliambiwa. Ukoo ukangoja miezi minane. Sasa wazee walikuwa wameamua: Jumamosi, yaani keshokutwa, watazika mgomba.

Asiye wa kwetu huenda asijue. Mtu akifia mbali na mwili usipatikane, hukatwa mgomba, ukavikwa nguo zake, ukalazwa katika jeneza na kuzikwa kama yeye. Hapo ameshakufa. Watu hunyolewa, mke huachiliwa, nyumba hufungwa. Akirudi baadaye kwa miguu yake, watoto watamkimbia, na hata mama yake hataruhusiwa kumkumbatia mpaka yafanyike mambo mengi ya kumtoa kwa wafu, na wapo ambao hawakubaliki tena kamwe.

"Sisi hatuna haraka ya kuzika mtu," yule shemeji akasema, na niliona kwamba hasemi kwa ubaya. "Lakini mke wake ni msichana mdogo, amekaa tu. Na huyu mama halalangi. Akisikia gari kwa barabara anatoka nje. Mtu anaweza kwisha hivyo. Mgomba wenyewe tumeshachagua, alipanda yeye mwenyewe kabla ya kwenda."

"Mimi nimekataa," mama akasema. "Nikasikia uko na watu. Nikasema niangalie kwanza. Kama yuko kwako nitamzika. Kama hayuko, siwezi mfungia mlango."

Niliogopa. Sitaficha. Siku zote nilisema natunza vile vitu ili akija mtu nimjibu, na sasa mtu amekuja na nilitamani asiwe amekuja. Nilikwenda jiko la nje nikapanda juu ya gogo, nikashusha mkebe na albamu, nikavifuta masizi kwa aproni. Niliporudi sebuleni mama mkwe alikuwa amekaa pembeni akimenya njugu.

"Hiyo kitu inarudi tena kwa nyumba?" akaanza, kisha akamwangalia yule mama usoni, akainamia njugu zake.

Mama alitaka bahasha kwanza. Mwanawe alikuwa ameondoka na mkanda wa baba yake, na bakuli ya mkanda huo, kile chuma cha kufungia, ilikuwa imewahi kuvunjika ikashonwa kwa waya wa shaba. Akamimina bahasha moja baada ya nyingine katika kiganja. Kifungo. Kitana. Ufunguo. Shanga tatu. Kila kimoja alikigeuza, akakirudisha taratibu na kufunga bahasha vizuri kuliko nilivyokuwa nimeifunga mimi.

Bahasha ya ishirini na nane ilikuwa na chuma cha mkanda. Nilikuwa nimekisahau kabisa. Kilipoanguka mkononi mwake nilisikia njugu zimeacha kumenywa. Alikigeuza. Alikipeleka mlangoni kwenye mwanga. Alipitisha ukucha kwenye ukingo wote, mara mbili, akitafuta waya.

"Siyo," akasema, na kukaa chini.

Bahasha zikaisha. Hakuwamo. Lakini sikuwa nimetoa kitu kwa kila mtu; wengine hawakuwa na hata kifungo, nami nililazimika kumwambia hivyo. Picha nazo zingemsaidia nini? Waliolala wamefunikwa mikeka na mablanketi, sura hazionekani. Nilienda kuteleka chai kwa kukosa la kufanya, na kwa mazoea tu, kama ningekuwa na mgeni yeyote, nikamwachia albamu mkononi.

Naye, kwa mazoea yale yale, akaanza kuipitia akiuliza. "Huyu ni nani?" Nikamjibu kutoka jikoni: ni mpishi wetu. "Na huyu mwenye mtungi?" Ni mama tu aliyekuwa akipita. "Na huyu mtoto?" Sijui, alikuja mwenyewe. Maji yalianza kuchemka. Nilipotia majani akauliza tena, safari hii polepole.

"Na huyu ni nani?"

Nikachungulia. "Huyo ni mkwe," nikasema. "Yaani, si mkwe wa kweli. Kijana mmoja hivi, nilimsimamisha tu."

"Siyo mkwe," mama akasema. "Huyu ni wangu."

Chai ilifurika ikazima moto, na hakuna aliyeijali. Alikuwa kando kidogo, nilipomweka, ameshika beleshi, na mguu mmoja ameukanyagia juu ya mwingine. "Anasimamanga hivyo tangu mtoto," mama akasema. "Nimempigia sana hiyo kusimama." Shemeji yake aliinama, akatazama, akafuta macho, akatazama tena.

"Ni yeye," akasema. "Ni yeye kabisa. Lakini shemeji, ngoja. Hii inaweza kuwa kabla. Alisimama kwa kaburi ya mwingine, baadaye naye akashikwa na ugonjwa." Akaweka kidole kwenye pembe. "Na hapa imeandikwa themanini na saba. Hiyo mwaka alikuwa darasa la saba."

Nikawaeleza habari ya ndoo ya klorini.

"Sasa Sista," akasema kwa adabu, "kama kamera inadanganya, tutajuaje ni lini?"

Nikaitoa picha kwenye nailoni nikageuza nyuma. Nilikuwa nimeandika: *Mzee wa kofia ya sufu. Aliomba chai yenye tangawizi.* Basi. Namba nayo ilikuwa ya kulinganisha na bahasha tu, haikufuata mpangilio wa siku. Nilijitukana moyoni kwa matusi ambayo mke wa mwalimu hapaswi kuyajua. Niliandika tangawizi, sikuandika mwezi! Nilimkumbuka yule mzee kwa mbali, lakini kwa mbali haitoshi. Ningeweza kusema ilikuwa baada ya Krismasi, na mama angeniamini, na Jumamosi ingepita. Nusura niseme. Lakini huwezi kumpa mtu tumaini la kubahatisha. Nimeliona wodini linavyowaua watu mara ya pili.

Ndipo nikakumbuka zile kanda za filamu, zile nyembamba za rangi ya kahawia ambazo ndani yake watu huonekana kinyume. Studio ilinirudishia zote katika bahasha zao, na kwa kuwa filamu ya mwisho ilikuwa na picha ya langoni, kanda zake nilikuwa nimezihifadhi na albamu ya nyumbani. Nilikimbilia chumbani. Nilizimwaga kitandani, nikawa nainua moja moja kwenye dirisha. Hema. Hema. Kisha mlima, watu wanne wamesimama, na wa tano kando, mguu juu ya mguu. Nikafuatisha kanda kwa kidole: kaburi, kidole changu gumba kilichoziba kamera, lori lililonirudisha, na mwisho kabisa, katika kanda ile ile isiyokatwa, mtu mnene mwenye mikono juu na leso iliyofunguka.

"Mama!" niliita, na sijawahi kumwita mama mkwe kwa furaha kiasi hicho. "Njoo ujione!"

Alikuja akikunja uso, akatazama kwenye dirisha. "Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, siku niliyorudi."

"Na hii ya huku mbele ni nini?"

"Kaburi."

"Mimi na kaburi kwa kamba moja!" akalia. Lakini hakuiachia.

Tuliporudi nayo sebuleni yule shemeji aliichukua, akaenda nayo mlangoni, akaihesabu kutoka kaburini mpaka langoni, moja, mbili, tatu, nne, kisha akarudi kinyume. Akamgeukia mama mkwe kwa heshima. "Mama, hapa kwa lango ulisimama lini?"

"Juma la Pasaka," akasema bila kufikiri. "Siwezi sahau. Niliacha mandazi kwa mafuta ikaungua yote sababu ya huyu."

Pasaka. Na waliosema amekufa walipita kabla ya Krismasi. Yule mwanamume alisimama mlangoni na kanda mkononi kwa muda, midomo ikihesabu miezi. Kisha akaivaa kofia yake, akaivua tena, akacheka kicheko cha mtu aliyetua gunia. "Basi Jumamosi hakuna kitu," akasema.

Mimi nilikaa kwenye mkono wa kiti. Nilifarijika mpaka nikaona aibu, kwa sababu hata hakuwa mwanangu. Bado nilijilazimisha kumwambia yule mama kwamba Pasaka si leo, kwamba imepita miezi minne na sijui kilichotokea baadaye.

"Najua kuhesabu, Sista," akanijibu. "Nilikuja kuuliza kama nifunge mlango. Umeniambia nisifunge." Kisha akauliza kama chai bado ipo. Tukateleka nyingine, na mama mkwe, ambaye si mtu wa kuwakatia wageni mkate bila kuupima kwa macho, alimkatia vipande vinne, akamsimamia mpaka akavimaliza vyote.

Niliandika barua kwa yule mpishi wa kambini, nikatia na nakala ya picha. Jibu lilikuja mwezi wa kumi kwa karatasi ya daftari: yupo, anabeba maji ya kambi, lori lilichomwa kweli na yeye aliugua kweli, lakini alipona. Tangu hapo hakuwa na karatasi za njia wala mwajiri wa kumuulizia, na habari alizotuma kwa madereva hazikufika. Mpishi aliongeza kwamba sasa ameonyeshwa picha na analia kazini. Mama alikuja nimsomee barua hiyo, nikaisoma mara tatu, na mara ya nne akanisomea yeye kwa kichwa.

Walikuja wote wawili mwezi wa kumi na mbili. Niliwaona kutoka dirishani, mama mbele, na nyuma yake mwanamume mwembamba aliyebeba mkungu mkubwa wa ndizi begani. Alipofika mlangoni akautua, akasimama mguu juu ya mguu, na mama yake akampiga kofi dogo la paja.

Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno mazuri. Badala yake nikamfokea. "Ulisimama mbele yangu nusu saa nzima, na hukuniambia wewe ni mtu wa Malava?"

"Sista, ulisema simama, nyamaza, wewe ni mkwe," akajibu kwa unyenyekevu. "Nikanyamaza. Lakini nilisikia vile unaongeanga, nikajua ni mtu wa kwetu. Kesho yake nikakuja kwa hema yako na barua. Wakaniambia umeondoka asubuhi." Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mpaka imechakaa, akampa mama yake, ambaye hajui kusoma, naye akaishika vivyo hivyo.

Aliomba kuiona picha. Mama mkwe ndiye aliyemletea albamu, kutoka kabati ya sebuleni, kwa mikono miwili. Tangu siku ya kanda za filamu hairuhusu irudi jikoni, na kila mgeni anayeingia humpa hiyo kwanza kabla ya ile ya arusi. "Angalia vizuri," huwaambia. "Pengine wenu amesimama hapo." Kijana alijitazama kwa muda mfupi tu. Muda mrefu alimtazama yule mzee aliyelala.

"Huyu, kuna mtu alikuja kumuulizia?"

"Hakuna," nikasema.

"Basi nipatie mimi. Nilikuwa mkwe wake." Sikucheka, wala yeye hakuwa akicheka. Nilimpa picha na bahasha yake, ambayo ndani ilikuwa na uzi wa kofia ya sufu, akaitia mfukoni palipokuwa na barua.

Wakati huo wote ndizi zilikuwa mlangoni. Nikauliza kama ni za shamba lao, ili nizisifu.

"Ni za ule mgomba," mama akasema.

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa, na mama mkwe akaelewa, tukatazamana. Ule aliokuwa ameupanda kabla ya kuondoka, waliokuwa wameuchagua, ambao Jumamosi ile ungevikwa suruali yake na shati lake. Uliachwa shambani na ukazaa. Nilimwogopa mama mkwe, maana mtu aliyekataa kulala nyumba moja na picha atakubali vipi kula kitu kama hicho. Akavuta kisu, akakaa kwenye kigoda, akaanza kumenya.

Tulizipika na nyama kidogo na nyanya. Mama mkwe akaonja akasema chumvi haijatosha, akaongeza mwenyewe. Kisha tukakaa wote watano, na mume wangu mwalimu akaomba baraka, tukala mgomba wa marehemu, na marehemu mwenyewe akanyoosha sahani akaomba aongezwe.